Daftari la Kichocho

Jumanne, 6 Februari 2024

Skuli ya kwanza leo, kaskazini ya Pemba, shehia yenye bonde la mpunga pande mbili. Nilimwomba mwalimu mkuu watoto waanze kunywa maji saa mbili na nusu, na asiende mtu msalani mpaka nimalize naye. Akacheka. "Daktari, yaani nizuie darasa zima lisikojoe?" Ndiyo, mwalimu, hicho hasa ndicho ninachokitaka. Kibofu kitupu hakisomeki kwa ultrasaundi. Kuta zake zimejikunja, zinaonekana nene hata kwa mtoto asiye na lolote, na mimi ningeandika ugonjwa usiokuwapo. Kikijaa hutanuka, ukuta ukabaki mstari mwembamba mweupe kuzunguka weusi wa mkojo, na kilichoharibika kikajitokeza chenyewe.

Mkojo wa kupimia tulianza kuuchukua saa nne, kwa sababu mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Minyoo hii imekwenda sambamba na jua: wakati yai linapotoka ndio wakati mtoto yumo mtoni anaoga, na ndio wakati konokono naye anapomwaga vijidudu vyake majini.

Mvulana wa darasa la nne, mwembamba, hasemi. Kwenye ukuta wa nyuma wa kibofu chake kuna kinundu kimening'inia kwa kikonyo. Nikamgeuza ubavu. Hakikuhama. Jiwe lingehama na lingeacha kivuli nyuma yake, bonge la damu pia lingehama. Hiki kimeota pale pale, ni nyama iliyovimba kuzunguka mayai yaliyokwama. Alikuwa ananiangalia mimi, si kioo, anataka kujua uso wangu unasema nini. Nikamwonyesha kwa kidole. Akauliza kama kinauma. Nikamwambia yeye ndiye ajuaye. Akafikiri, akasema, "Mwishoni mwa kukojoa."

Ndilo jibu ninalolitaka wanafunzi wa udaktari wanipe, na hawanipi.

Figo kadhaa zilionekana zimejaa maji. Mwongozo wa ultrasaundi ya kichocho uliotokana na mkutano wa Niamey wa 1996, ambao Shirika la Afya Duniani liliuchapisha 2000, unasema usimwamini mtu mwenye kibofu kilichojaa: mkojo ukikosa pa kwenda hurudi juu, figo ikatanuka kwa muda. Tukawapeleka wakakojoe, tukawapima tena. Karibu figo zote "mbovu" za leo zilipona msalani.

Alhamisi, 8 Februari

Skuli ya pili. Picha safi mpaka mkono ukachoka. Vijiti vya mkojo vilikuta damu kwa wachache, na mmoja wao ni msichana ambaye nesi alimwita pembeni, akarudi kuniambia ni siku zake. Kijiti hakijui damu imetoka wapi.

Jumapili, 11 Februari

Nyumbani, umeme umekatika, naandika kwa taa ya simu.

Jambo linalonisumbua ni hili. Tulipoandika andiko la utafiti tulisema tutapima watoto wa skuli kwa ultrasaundi, tuwape prazikwanteli, turudi baada ya miezi sita tuone kilichopona. Ni swali zuri la mwaka 1986. Mwaka huo mpango wa kudhibiti kichocho Pemba ulianza kwa vijiti vya mkojo na dawa hiyo hiyo, wakati mtoto kukojoa damu kulikuwa jambo la kawaida hapa. Kisha dawa zikagawiwa skuli na nyumba kwa nyumba, na baina ya 2011 na 2017 ukaja mradi mkubwa wa kukitokomeza Unguja na Pemba: dawa mara mbili kwa mwaka, kwengine ikaongezwa kuua konokono kwa niklosamidi, kwengine elimu ya kubadili tabia. Mwisho wake maambukizi yalishuka kote, na nyongeza zote mbili hazikuonyesha tofauti ya kutegemewa juu ya dawa peke yake. Niliyasoma matokeo yale mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa.

Sasa mtoto mwenye mayai ana mayai machache. Kizingiti cha maambukizi mazito ni mayai 50 katika mililita 10 za mkojo, na siku hizi ni nadra tukifikie. Mayai machache hayatii kovu linaloonekana kwa mashine. Kwa hiyo ninapita skuli na kifaa cha gharama kuthibitisha kwamba watoto wetu, alhamdulillahi, wako vizuri. Si kazi mbaya. Lakini picha ina haja gani pale ambapo kijiti na darubini vinatosha?

Na picha yenyewe inaonyesha nini? Haionyeshi minyoo. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike ndani ya mfereji wa mwili wa dume, na mashine yangu haiwezi kuwaona. Inachoonyesha ni hasira ya mwili dhidi ya mayai: uvimbe, unene, kinundu. Hasira hiyo hupoa baada ya dawa, hasa kwa mtoto. Ikikaa miaka mingi hugeuka kovu na chokaa, na chokaa haitoki. Nakumbuka eksirei ya mzee mmoja nilipokuwa mwanafunzi: kibofu kizima kimechorwa kwa mstari mweupe ndani ya nyonga, mwalimu akatuambia wapo madaktari waliowahi kukidhania kichwa cha mtoto tumboni. Mzee hakuwa na yai hata moja lililo hai. Ugonjwa umekwenda, picha imebaki. Na chokaa hudumu: mwaka 1910 mtafiti Marc Armand Ruffer alipasua figo za maiti mbili za Misri za zama za ukoo wa 20 wa mafarao akayakuta mayai yaliyogeuka chokaa, baada ya miaka elfu tatu. Daktari Bilharz alikuwa ameiona minyoo yenyewe Cairo mwaka 1851. Chokaa ilikuwa imemtangulia mbali.

Jumanne, 13 Februari

Leo nimepata nilichokuwa nakitafuta bila kujua.

Tulikuwa tunafunga vifaa. Akaja mama wa makamo, kaja kumchukua mtoto wa kaka yake, akasimama mlangoni akiangalia mashine. Shikamoo, mama. "Marahaba, mwanangu. Hiyo inapima na wakubwa?" Kwa karatasi zangu, haipimi. Nikamwambia aingie.

Alifungua pindo la kanga akamwaga mezani maganda ya vidonge. Sipro. Amoksilini. Sipro tena. Metronidazoli. Amekuwa akitibiwa UTI kwa miaka, dukani na vituoni, kila mara dozi nyengine. "Hizi zote nimemeza. Nikimeza napumua siku mbili tatu, kisha unarudi pale pale."

"Damu unaiona kwenye mkojo?"

"Damu?" Akanitazama kama nimeuliza kama anapumua. "Sisi utotoni tukikojoa damu wote. Hiyo si maradhi."

Kijiti: damu nyingi, chembe nyeupe zipo, nitriti, dalili ya bakteria, hakuna. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona chembe nyeupe wanaandika UTI, na nitriti isiyokuwapo hawaisomi. Nitriti kukosekana hakuondoi bakteria moja kwa moja, lakini mtu anayerudi mara ya tano na damu ile ile, katika kisiwa hiki, antibiotiki ya sita haina hoja. Kijana wa maabara akachuja mkojo, akaniita kwenye darubini. Mayai, na mwiba wake wa mwisho umesimama wazi.

Kisha picha. Ukuta wa kibofu milimita 9, na mwongozo unahesabu unene kuanzia milimita 5. Nyuma, karibu na mdomo wa mrija wa figo ya kushoto, uvimbe wa milimita 22. Figo ya kushoto imejaa maji. Akakojoa, akarudi: imejaa vile vile.

Hapa mashine inanyamaza. Uvimbe huo unaweza kuwa mayai na hasira yake, unaweza kuwa saratani, kwani kichocho cha muda mrefu huzaa saratani ya kibofu ya aina yake, na kwenye kioo vitu hivi viwili vinafanana. Jibu liko kwenye kamera ya kibofu na kipande cha nyama. Niliandika barua ya rufaa ya Muhimbili pale pale.

"Dar es Salaam? Na mpunga nimwachie nani? Nalima sasa, masika hayo yanakuja."

Tulizungumza sana. Tukafika hapa: dawa leo, dawa tena baada ya wiki nne kwa sababu prazikwanteli huua minyoo mikubwa na kuacha michanga, na picha nyengine siku hiyo hiyo. Uvimbe usipopungua, hakuna mjadala wa mpunga. Kilo 60, vidonge vinne vya miligramu 600. Nesi alimtafutia muhogo wa kuchemsha kwanza, maana dawa hii ikikuta tumbo tupu humkoroga mtu, na ni chungu hasa. Akavimeza kimoja kimoja, akikunja uso kila mara, hakulalamika.

Alhamisi, 22 Februari

Nimemwandikia msimamizi wangu Ulaya: nataka kuongeza watu wazima. Amejibu kwa upole na kwa hoja. Watoto ndio wenye takwimu za kulinganisha tangu zamani. Kibofu cha mtu mzima kimepitia mengi. Mwanamume mwenye tezi dume iliyokua naye ukuta wake hunenepa, na utakilaumu kichocho bure. Kweli kabisa. Nimemjibu kwamba ndiyo maana tutapima tezi na kuchuja mkojo, na kwamba ugumu wa kusoma picha si sababu ya kuwaacha wenye picha. Dawa ya nyumba kwa nyumba iliwafikia wengi, lakini aliyekuwa bondeni, baharini au Unguja siku hiyo hakuikuta, na wajawazito mara nyingi hurukwa ingawa Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2002 wapewe.

Hajajibu bado. Kamati ya maadili itataka karatasi mpya kwa vyovyote.

Jumapili, 10 Machi

Ramadhani iko mlangoni, na ratiba yangu imeandikwa na mtu asiyefunga. Dawa inataka chakula. Kibofu kinataka maji. Mkojo unataka saa sita mchana. Mchana wa Ramadhani hautoi chakula wala maji, na mkojo wake ni kidogo.

Nesi ndiye aliyesema: kwa nini tusifanye usiku, baada ya tarawehe? Watu wameshafuturu, wameshakunywa uji na maji na madafu, vibofu vitakuja vimejaa vyenyewe. Dawa watameza hapo hapo juu ya futari. Idhini ya kupima watu wazima kwa ajili ya matibabu yao tunayo kama kituo chochote cha afya. Kwa utafiti, bado. Kwa hiyo usiku tunatibu, hatukusanyi takwimu. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa kwenye jalada ili nisije nikajidanganya baadaye.

Kasoro moja: mkojo wa usiku una mayai machache. Tutawapa vichupa walete mkojo wa mchana, hata kama ni kidogo na wa rangi ya chai.

Alhamisi, 21 Machi

Sheha alitangaza msikitini na watu wakaja kuliko tulivyodhani. Wanaume walikaa barazani, wanawake ndani. Mzee mmoja aliuliza kama jeli ya tumboni inabatilisha saumu, na ilikuwa saa nne usiku. Wenzake hawakumwacha.

Picha za usiku si za skuli. Kuta nene, vinundu, na mkulima mmoja wa mboga ambaye nusu ya kibofu chake imekwisha kuwa chokaa. Mwengine ukuta umenenepa kwa sababu ya tezi dume, hana yai wala historia ya mto. Msimamizi wangu angefurahi.

Mama wa maganda ya vidonge alikuja na kanga mpya. Wiki tano. Nilijaza jeli, nikaweka kichwa cha mashine juu ya kinena, na kwa muda sikuuona uvimbe kabisa, nikadhani nimepotea. Upo: milimita 11. Ukuta milimita 6. Saratani haisinyai kwa prazikwanteli. Sikusema "umepona". Nilisema umepungua nusu, na barua ya Dar iko pale pale, kwa ajili ya figo.

Dozi ya pili ameimeza juu ya tambi za futari.

Nesi alikaa na wanawake wengine pembeni mpaka saa sita. Wana maumivu ya tumbo la chini, damu baada ya tendo la ndoa, na mmoja aliambiwa kituoni amlete mumewe watibiwe zinaa, nyumba ikakaribia kuvunjika. Mayai ya kichocho hukwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni pia, na ultrasaundi yangu hapo haina macho. Panahitaji taa, kifaa cha kupanulia na mtu aliyefundishwa kuyaona mabaka yenye chembechembe za njano. Mashine ghali imekaa mezani, na kinachohitajika ni kitanda, pazia na mkunga mwenye subira.

Jumapili, 28 Aprili

Masika. Barabara ya shehia imekatika, hatutoki. Mito ikijaa hivi konokono husombwa. Baadaye maji yakitulia kwenye vidimbwi hurudi kwa nguvu. Binamu yangu wa Makunduchi amenipigia simu kunitania kwamba wao kusini ya Unguja hawana kichocho kwa kuwa ni wasafi. Nikamwambia si usafi, ni konokono: kwao yupo Bulinus nasutus, ambaye minyoo hii haimkubali, na kwetu yupo Bulinus globosus, ambaye huikaribisha. Hakufurahi.

Jumatano, 14 Agosti

Marudio ya skuli ya kwanza. Mvulana wa kinundu amerefuka. Kibofu kilichojaa, mstari mwembamba, hakuna kitu nyuma. Nilitafuta kwa pembe zote kama mtu aliyedondosha pete, hakuna. Mkojo wake hauna yai. Nikamwonyesha tena kwa kidole, safari hii pale ambapo hapana kitu. "Kimekwenda wapi?" Mwili umekila. Jibu hilo lilimpendeza kuliko nilivyotarajia.

Msichana mmoja, picha yake Februari ilikuwa safi na leo ni safi, lakini mkojo una mayai mapya. Amerudi mtoni, kwa sababu bomba la kwao hutoa maji alfajiri tu, na si kila siku. Kwa ultrasaundi peke yake huyu angeandikwa mzima. Hii ndiyo sentensi ninayotaka iwemo kwenye ripoti hata kama watafupisha mengine yote: picha nzuri inaonyesha mwili uliotulia, haionyeshi mtu asiye na maambukizi, na picha mbaya inaweza kuwa ya vita vilivyokwisha zamani. Darubini na picha vinajibu maswali mawili tofauti.

Mchana alifika mama yangu wa kanga. Mpunga umevunwa, na Julai alikwenda Dar kwa boti, kwa mkopo wa kikundi chao. Kamera imeingizwa, kipande kimepimwa: si saratani, ni kovu na mayai makongwe. Ukuta leo milimita 4. Uvimbe haupo. Mkojo hauungui, na hajameza sipro tangu Februari.

Ila figo ya kushoto bado imejaa, imepungua kidogo tu. Mrija wa mkojo umesinyaa kwa kovu pale chini, na kovu halisikii kidonge. Muhimbili wamemwambia pengine atahitaji operesheni. Hilo lilimkasirisha, na mimi sikuwa na la kumpoza. "Mimi nimekunywa dawa zote ulizonipa." Ndiyo, mama. Zimefanya kazi yake. Zilikuja zimechelewa miaka.

Akanyamaza, kisha akaomba nimchapishie picha mbili, ya Februari na ya leo. Nilidhani ni za kumwonyesha mumewe. "Za yule wa duka la dawa," akasema. "Nataka azibandike ukutani pale anapouzia." Nikamchapishia, na nikamwandikia nyuma kwa herufi kubwa: DAMU, HAKUNA NITRITI, PIMA MAYAI.

Ijumaa, 16 Agosti

Kamati ya maadili wamekubali watu wazima, kwa masharti: tezi dume ipimwe kwa kila mwanamume wa miaka 40 na zaidi, wanawake wapewe nafasi ya uchunguzi wa mlango wa kizazi na mtu aliyefunzwa, na atakayekutwa na uvimbe apewe rufaa siku hiyo hiyo na nauli yake ya boti iingizwe kwenye bajeti. Sharti la mwisho sikuliomba, mtu fulani kwenye kamati amelifikiria mwenyewe. Msimamizi wangu amekubali pia, anataka tu tubakize skuli mbili za kulinganisha.

Jumatatu nikapige hodi kwa sheha tupange usiku. Jeli imebaki chupa moja, karatasi za kuchapishia hakuna. Nesi anauliza kama tutanunua pazia zito au hili la maua lililopo stoo, nimemwambia zito.